Televisheni Isiyotoa Chenga

Kulikuwa na mama mmoja, wapendwa, aliyempenda sana mumewe na kugombana naye kila mvua iliponyesha. Sababu ni televisheni. Ile ya zamani, ya analojia, mnaikumbuka? Mawimbi yakipungua kidogo tu, chenga zinajaa kwenye kioo. Mzee anatoka kwenda kuzungusha mlingoti wa antena, mama anapaza sauti dirishani: "Bado! Bado kidogo, Baba Tumsifu! Hapo hapo, usiguse!" Mzee anarudi amelowa chapachapa, wanachekana, wanatazama taarifa ya habari.

Watoto wakawanunulia king'amuzi. Dijitali! Picha safi, hata mvua inyeshe vipi. Mpaka jioni moja picha ikaganda, kioo kikawa cheusi. Na mzee, ambaye hajawahi kumwachia mtu mlingoti wake, akabaki kitini.

"Mwite fundi," akasema.

Fundi akaja. "Mbona jana kilikuwa kizima?" mama akamuuliza.

"Mama, ule mti umekua mbele ya antena, mawimbi yanapungua siku nyingi. Analojia ingekuonyesha chenga mapema. Dijitali inatuma namba tupu. Zikipotea chache, king'amuzi kinaziba pengo chenyewe, wewe unaona picha safi. Zikizidi kupotea, picha inakatika ghafla."

Mama akamgeukia mumewe pale kitini.

"Baba Tumsifu, unaumwa?"

"Mimi? Mzima kabisa."

"Ndivyo unavyonijibu kila asubuhi. Nakuuliza tena, mume wangu."

Mzee akatazama chini. "Kifua," akasema. "Tangu mavuno ya kahawa. Sikutaka kukusumbua, mama."

Mama akamgombeza huku analia, huku anamfunga vifungo vya koti, wakaenda hospitali. Daktari akawaambia wazi: wangechelewa kidogo tu, wangemleta maiti.

Sasa mnamcheka huyo mzee? Na sisi je? Leo pale mlangoni nimewapa mkono ninyi nyote. "Habari?" "Nzuri." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Kanisa zima ni nzuri tupu! Kwani hakuna aliyeamka analia? Hakuna ambaye nyumba yake inavunjika? Nawapenda mno, ndiyo maana nawaambia: mmenidanganya. Mungu anaijua hali yako, lakini jirani yako haijui, na Mungu ndiye aliyemketisha hapo kando yako.

Mgeukie sasa hivi. Mshike mkono, muulize hali. Akikujibu "nzuri", usimwachie. Muulize tena.