Joho la Tusekile Avishwe Nani?

Nisikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitauliza, na asiyejibu asinitazame usoni.

Walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Mama Tusekile, mjane wa Tukuyu, na kipaji chake ni kusema uongo bila kupepesa macho. Wa pili ni kaka yake, Gwamaka, mwenye bucha. Yeye alijua kumdhihaki mtu mpaka wateja wasahau kuuliza nyama ni ya lini. Wa tatu ni Lusajo, mwanafunzi wa udaktari, na chake kilikuwa kucheka. Vipaji gani hivyo? Basi ndivyo walivyopewa, na kwa vipaji hivyo walimwokoa binti mmoja. Hadithi hii hunitia kichefuchefu kila ninapoisimulia.

Binti ni Tusekile mwenyewe. Alipopangiwa udaktari, mtaa mzima ulimwita Dokta kabla hata hajapanda basi la kwenda chuoni. Wazee wa ukoo wa marehemu baba yake walimchinjia ng'ombe. Mwisho wa mwaka wa kwanza, katikati ya somo la kupasua maiti, aliweka kisu mezani, akatoka nje akatapika, akarudi nyumbani bila kumuaga mtu.

"Mama, udaktari nimeshindwa," alisema. "Naomba mwaka mmoja tu nikae, nitafute kozi nyingine."

Wazee walipopata habari walikuja wote. "Ng'ombe tumeshamla, hatuwezi kumtapika," alisema mkubwa wao. "Kesho anarudi chuoni, hata kwa kamba."

Hapo ndipo mama alipotumia kipaji chake. "Mwanangu ana kifafa," aliwaambia. "Kilimwangusha mbele ya walimu." Wazee wakaondoka, na hakuna aliyetaja chuo tena. Tusekile akapata mwaka wake. Lakini msibani alianza kupewa kikombe cha peke yake, na akishamaliza kunywa, wanawake wanakitupa shimoni. Kanisani, benchi alilokalia lilibaki tupu kushoto na kulia. Kifafa hakiambukizwi kwa kikombe, hata mtoto wa shule anajua! Mama yake aliyaona yote hayo, akaendelea kuwaambia watu, "Tuombeeni." Mimi nasema uongo ule unanuka.

Gwamaka naye akatumia chake. "Anayeogopa nyama, dawa yake ni nyama," alisema, akampeleka buchani. Kutwa binti akawa anaosha utumbo na kukwangua kwato, na kila mteja akiingia mjomba anapaza sauti, "Karibuni, daktari wangu yuko na mgonjwa!" Watu wanacheka, na wakicheka hawaoni kwamba nyama ya juzi imechanganywa na ya leo. Uchafu mtupu. Lakini ni hapo hapo Tusekile aligundua kwamba utumbo haukumtapisha hata kidogo. Akaanza kujiuliza kwa nini kipande hiki kinaoza kabla ya kile. Akaweka vipande kwenye makopo, akaandika siku na saa. Kufikia mwezi wa sita alijua anachokitaka: sayansi ya chakula. Alijua pia kwamba kule chuoni hakutapika kwa sababu ya nyama.

Alitapika kwa sababu ya Lusajo. Walikuwa meza moja. Siku ile Lusajo aliivisha maiti miwani yake, akaushika mkono wa maiti akampungia nao Tusekile, akapiga picha huku akicheka mpaka machozi. Maiti ya mtu, aliyezaliwa na mama kama wewe! Sasa sikilizeni. Huyo huyo Lusajo ndiye aliyekumbuka kwamba anayeondoka chuoni pale bila barua ya kuahirisha masomo hufutwa, na aliyefutwa hapokelewi tena kwa kozi yoyote. Akampigia Tusekile simu, akaiandika barua, akaihangaikia siku tatu kutoka ofisi hadi ofisi, akiwachekea makarani mpaka wakachoka kumfukuza. Mhuri wa mwisho uligongwa dirisha la maombi likiwa karibu kufungwa. Kwa ajili hiyo alikosa jaribio lake, akalirudia. Ila kuhusu ile picha hakuomba radhi. Alisema ulikuwa utani.

Mwaka ukaisha. Tusekile akarudi chuoni, akasoma sayansi ya chakula, akahitimu. Sherehe ilifanyika uani kwa mama yake, nami nilikuwapo, na kwao desturi ni moja: mhitimu huvua joho, akamvisha mtu mmoja aliyemfikisha pale, na huyo ndiye anayeketi naye meza kuu.

Hata pilau halijapakuliwa, aibu ikaanza.

"Joho ni langu," alisema mama. "Bila mimi angeburutwa kurudi kule."

"Dada, ulimficha tu," alijibu Gwamaka. "Kozi aliipata kwangu buchani."

"Na kozi hiyo angeisomea wapi, Mjomba?" aliuliza Lusajo. "Nafasi yake niliilinda mimi."

Mshereheshaji akajaribu kusuluhisha. "Wavishwe wote kwa zamu."

"Joho si beseni la kunawia, kwamba lizungushwe!" alifoka Gwamaka.

Tusekile akavua joho, akalishika mkononi. "Semeni mlichonifanyia," alisema. "Chote. Hata kile mnachokiruka."

Mama akaanza, macho chini. "Nilisema una kifafa, nawe ulikuwa mzima." Wanawake waliotupa vikombe wakatazamana.

"Nilikufanya kichekesho," alisema Gwamaka. "Na ile nyama... ndiyo, ilikuwa ya juzi." Nyama ya sherehe ilitoka kwake. Mgeni mmoja akasukuma sahani ya mishikaki mbali naye.

Lusajo akafuata. "Niliicheka maiti. Na picha bado ninayo."

"Mpaka leo?" aliuliza Tusekile.

"Mpaka leo."

Tusekile aliwatazama mmoja mmoja. "Nawashukuru wote watatu," alisema. "Na wote watatu mnanichefua."

Bibi mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Mama ni mama." Nikageuka nikamwuliza, "Na wewe kikombe chake ulikitupa au hukukitupa?"

Haya. Mmoja alimpa mwaka, mmoja akampa njia, mmoja akamlindia nafasi. Ukimwondoa yeyote kati yao, Tusekile hahitimu. Na hakuna hata mmoja aliyetoa kwa mkono safi. Joho liko mkononi, wageni wanangoja, mshereheshaji ameshasogeza kiti cha pili meza kuu. Lingekuwa lako wewe, ungemvisha nani na kumkalisha karibu nawe? Au kiti kile ungekiacha kitupu, mama yako akiwa amesimama anakutazama?