Kiti cha Pili cha Saumu

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana umeme ulikuwepo na ulikatika vilevile, palikuwa na msichana wa Tanga aitwaye Saumu. Alikuwa bingwa wa gemu la mbio za magari. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, ila kompyuta yake ilikuwa nzito. Kila alipokata kona, picha iliganda na wenzake wakampita. Na mashindano makubwa yalikaribia. Mshindi angepanda ndege kwenda fainali Kigali, yeye na msindikizaji mmoja. Mmoja tu, jamani.

Kaka yake, Sefu, akasoma miezi mitatu. Akalinganisha prosesa hii na ile, yaani ubongo wa kompyuta, mpaka macho yakamwuma, akachagua moja. Saumu alipoishika alistaajabu. Kidude cha ukubwa wa biskuti, na ndani yake hesabu mabilioni kwa kufumba na kufumbua!

"Ina mbio, lakini ina moto," Sefu akasema. "Isipopozwa, inajizima yenyewe."

Jirani yao, Fundi Mhina, alitengeneza majokofu maisha yake yote, basi wakamwomba awachagulie cha kuipoza. Dukani wauzaji wakamwonyesha vipoza joto vyembamba vya kupendeza, akavikataa vyote. Akachagua kikubwa, mnara wa mabati membamba wenye feni ubavuni. Mnara ukajaa hata kifuniko cha kompyuta kikagoma kufunga, wakaiacha wazi.

Basi Shangazi Mwanaisha, aliyemlea Saumu, hakuweza kuona kitu cha thamani kimekaa uchi sebuleni. Akafuma kitambaa cheupe chenye nyuzi za kuning'inia, kama kile cha redio. Siku ya mashindano, kwa heshima ya siku, akaifunika kompyuta.

Saumu akakimbiza gari. Picha haikuganda hata mara moja. Alihisi kama anapaa. Zikabaki raundi mbili, yeye mbele, mara feni ikameza nyuzi. Kraa! Ikasimama. Namba ya joto kwenye skrini ikapanda: themanini, tisini, tisini na sita. Sefu akashika kichwa.

Shangazi akakinyofoa kitambaa chake, akakimbilia jikoni, akarudi na kipepeo cha kupepelea mkaa. Akapepea. Mkono wa kulia ukachoka, akahamia wa kushoto, akapepea. Tisini. Themanini na nne. Saumu akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, machozi yanamtoka, hajui ni ya furaha au ya hofu.

Ikaletwa fomu: jina la msindikizaji.

"Niandike mimi," Sefu akasema. "Kwa ile prosesa ya zamani, Shangazi angepepea gari lililoganda."

"Wee! Mnara wangu ndio uliopokea upepo," akasema Fundi Mhina. "Ningechukua kile chembamba, kompyuta ingekwisha zima, angepepea jiwe."

"Kingekuwa chembamba, kifuniko kingefunga, na nyuzi zisingeingia!"

"Na wewe ungechagua prosesa isiyo na moto, tungehitaji mnara?"

Shangazi hakudai kitu. Alikuwa akijikanda bega. "Kitambaa kilikuwa changu, mwanangu," akasema. "Mimi usiniandike."

Saumu akawatazama watatu hao, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege. Akaona ajabu: kila mmoja alikaribia kumwangusha, na bila yeyote kati yao asingefika.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, kalamu iko mkononi mwake na nafasi ni moja. Je, aandike jina la nani?