Mama Pimbi Aliyekula Huko Nje

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, basi. Aliye mlangoni aingie ndani, upepo huu hauna adabu.

Hapo zamani za kale, juu milimani kwenye baridi, palikuwa na Mama Pimbi. Mumewe alichukuliwa na tai. Akabaki pangoni na watoto watatu: Tandi, binti mkubwa, Ngosi, wa kati, na Kidole, kitindamimba, mdogo kweli kweli.

Kipupwe kilipokaribia, Mama Pimbi alikata nyasi. Kwaru, kwaru, kwaru. Akazianika juu ya mwamba, akaziingiza pangoni. Nyasi zile ndizo chakula, na nyasi zile zile ndizo kitanda. Ukila sana, utalala juu ya jiwe. Ukitandika sana, utalala na njaa. Mama akazitazama, akajua hazitatosha.

Upepo ukaja. Vuuu, vuuu. Kila jioni mama aligawa. Tandi fungu lake, Ngosi fungu lake, Kidole fungu lake.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimeshakula huko nje."

Watoto wakala. Kacha, kacha, kacha. Kisha wakalala wamerundikana, mama ameziba mlango kwa mgongo wake, watoto wamejibanza ubavuni pake. Pimbi hawawashi moto. Moto wao ni miili yao.

Kesho yake hivyo hivyo. "Na wewe, mama?" "Mimi nimeshakula huko nje." Kina mama mnaoinamisha vichwa hapo, nawaona.

Siku zikapita. Asubuhi moja Kidole akaamka anatetemeka.

"Mama, ubavu wako una baridi."

"Ni upepo, mwanangu."

Siku ile Kidole hakucheza. Alijikunja pembeni, akikohoa.

Tandi akatoka kumtafutia mdogo wake jani bichi. Akaenda huku, hakuna. Akaenda kule, hakuna. Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilikuwa imeunguza kila kitu. Tandi akasimama. Mama anakula nini huko nje? Akalia pale pale, maana jibu alilijua.

Jioni mama akagawa. Tandi akawanong'oneza wenzake, na hakuna aliyegusa fungu lake.

"Kuleni."

"Kula wewe kwanza, mama."

"Tangu lini mtoto akampangia mama yake?"

"Utusamehe, mama. Nimefika huko nje, hakuna kitu. Wewe ndiye moto wetu. Ukizimika, hata tukiwa tumeshiba, tutaota nini?"

Mama Pimbi aliona aibu, akaona na uchungu. Alidhani anawaokoa, kumbe alikuwa anawazimia jiko. Akachukua nyasi, akala, machozi yakimtoka.

Toka siku ile waligawa mafungu manne, madogo. Nyasi zikaisha mapema. Wakala na kitanda, kidogo kidogo, wakalala juu ya jiwe tupu. Lakini ubavu wa mama ulipata joto tena, na Kidole akaacha kutetemeka.

Jua liliporudi, pimbi wale wakatoka kuota mwambani. Walikuwa wamekonda, mbavu nje. Lakini walitoka wote.

Fundisho ni hili: mzazi anayejinyima mpaka akaanguka, huwaangusha na anaowabeba. Naye apewe fungu lake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nendeni mkale, na anayepakua asijisahau.