Jinsi Pimbi Alivyovihamisha Vita Shambani Mwake

Hapo zamani za kale... ngojeni kwanza, nisaidieni kuokota vigae hivi. Mtungi ulikuwa wa shemeji yangu, Bi Msimu, na aliyeuvunja ni mimi. Nimetembea Lindi mpaka Lamu, nimekaa kwa watu mpaka wakaanza kuniuliza ninaondoka lini, na leo nilitaka tu kuwaonyesha ninyi watoto jinsi kombeo linavyorusha jiwe mbele. Jiwe limekwenda nyuma. Bi Msimu amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Nianze upesi, maana sijawahi kuona mtu akipigwa mwiko katikati ya hadithi.

Hapo zamani za kale, basi, silaha zote zilishikwa mkononi. Hakukuwa na hata moja iliyojua kuruka.

Katika bonde la mto Mkwajuni waliishi Tembo upande wa mashariki na Nyati upande wa magharibi. Kila mwaka walipigana vita vya kuamua nani anywe maji ya juu, yaliyo safi, na nani anywe ya chini, yaliyokwisha kuogewa. Vilikuwa vita vya heshima. Walikutana asubuhi, kila mmoja na rungu lake, na kabla ya kupigana walisalimiana.

"Habari za nyumbani?"

"Njema. Mke wangu amejifungua."

"Hongera! Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Mungu amkuze."

Paa! Rungu la bega.

Ikifika saa sita mchana, Bibi Nyati, mama mzazi wa Jemadari wa Nyati, alipiga sufuria kwa mwiko. Nga, nga, nga! Vita viliishia hapo hapo. Walihesabu manundu, wenye manundu machache wakapewa maji ya juu, kisha wote wakala pamoja na kupakana dawa.

Ubaya ulikuwa mmoja tu. Uwanja wa vita haukuwa uwanja. Ulikuwa shamba la kunde la Pimbi.

Pimbi mnamjua: yule mdogo anayeishi miambani, kama sungura aliyenyimwa masikio. Huyu aliitwa Mama Kijiwe. Miaka sita mfululizo alipanda kunde, na miaka sita mfululizo kunde zilikanyagwa siku mbili kabla ya kuchumwa.

"Mwaka huu tukikosa tena," alisema mumewe, Baba Kijiwe, akiota jua juu ya mwamba, "tunahamia kwa mama yangu."

Mama Kijiwe alimpenda mama mkwe wake. Alimpenda hasa akiwa mbali. Akatafuna jani moja mpaka likaisha, akashuka mwambani, akaenda kwa Tembo.

"Hodi, Jemadari!"

"Karibu, Mama Kijiwe. Nimekukanyaga?"

"Bado. Nimekuletea habari. Nyati wana rungu lenye ncha."

"Na sisi tutachonga ncha."

"Linaruka."

Jemadari Tembo akaacha kutafuna. "Linaruka lenyewe?"

"Linarushwa. Vuuu! Wanaliita mkuki."

"Akishaurusha si anabaki mikono mitupu?"

"Anashika wa pili."

Tembo akafikiri. Tembo akifikiri masikio husimama, na walio karibu hupata upepo. "Hawa watu hawana haya," akasema. "Unafika wapi?"

"Hatua thelathini."

"Basi sisi tutasimama hatua ya thelathini na moja."

Kutoka hapo Mama Kijiwe alikwenda moja kwa moja kwa Nyati, akawaambia maneno yale yale, akibadilisha jina tu.

Siku ya vita ilipofika, kati ya majeshi mawili kulikuwa na hatua thelathini na moja. Shamba la kunde lilikuwa na upana wa hatua ishirini. Wakasalimiana kwa kupaaza sauti.

"Nyumbani hawajambooo?"

"Sisikiiii!"

"Basi tuuuu!"

Wakarusha mikuki waliyochonga wiki nzima. Vuuu, vuuu! Yote ikaanguka katikati, puu, puu, puu, ikasimama wima ardhini. Saa sita sufuria ikalia. Hakukuwa na hata nundu moja la kuhesabu, kwa hiyo wakasema droo, na kila jeshi likala upande wake, maana nani avuke?

Mama Kijiwe akateremka, akaiacha mikuki pale pale ilipochomeka. Kunde zikapanda juu yake vizuri sana. Mwaka ule walikula mpaka watoto wakalalamika.

"Inatosha," alisema Baba Kijiwe.

"Inatosha kwa kunde. Na maboga je?"

Mwaka uliofuata akarudi kwa Tembo.

"Jemadari, mambo yamekuwa mabaya. Wana mkuki mdogo unaorushwa kwa uzi. Mti umekunjwa, uzi umekazwa, tii! Hatua mia mbili."

"Mdogo kiasi gani?"

"Kama kidole changu."

Tembo akacheka mpaka ndege wakahama mti. "Kitu kama kidole chako kinifanye nini mimi? Tazama ukubwa huu!"

"Hilo ndilo lililonileta," alisema Mama Kijiwe kwa upole. "Enzi za rungu ukubwa wako ulikuwa ngao. Enzi za upinde, ukubwa wako ni shabaha. Wao wakinilenga mimi watanikosa. Wewe hata aliyefumba macho atakupata."

Tembo akaacha kucheka. Hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo tangu azaliwe. Polepole akageuka ubavu, ili apungue.

Akaongezeka.

"Sivyo," alisema Mama Kijiwe.

"Nimeona," alisema Tembo.

Basi wakarudi nyuma hatua mia mbili na moja, na kwa kuwa hata huko Tembo aliendelea kuwa Tembo, wakajenga ukuta wa magogo na udongo. Nyati nao, waliokuwa wameambiwa maneno yale yale, wakajenga wao. Bonde likawa wazi katikati. Mama Kijiwe akapanda maboga, na mwaka huo huo akaongeza mahindi.

Lakini watoto wangu, ukuta una tabia yake. Aliye nyuma yake haoni mwenzake, wala hasikii sufuria. Bibi Nyati alipiga nga, nga, nga mpaka mwiko ukapasuka, na hakuna aliyetoka. Hakuna aliyejua vita vimeisha saa ngapi, wala nani ameshinda. Kwa kuwa hakuna aliyejua vimeisha, havikuisha. Vita vya asubuhi moja vikawa vita vya mwaka mzima, na Bibi Nyati akapika peke yake, akala peke yake.

Siku moja Mama Kijiwe alipita nyuma ya ukuta wa Tembo kuuza maboga. Akamsikia mtoto wa Tembo, aliyeanza kusema humo humo, akiuliza:

"Mama, Nyati ni nini?"

"Ni kitu chenye pembe nane. Kinakula watoto."

Mama Kijiwe akasimama. Alitaka kusema kwamba Nyati ana pembe mbili na anakula majani, na kwamba yule Jemadari wao aliwahi kumpaka baba wa mtoto huyu dawa ya nundu kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akakumbuka kwamba boga lililo kichwani mwake ni zito. Akaenda zake.

"Inatosha, Mama Kijiwe," alisema mumewe jioni ile.

"Bado kipande cha karibu na mto. Kina udongo mzuri."

Mwaka wa tatu hakwenda kwa mtu. Aliwasha moto katikati ya bonde, akatia mianzi mibichi, akakimbilia mwambani. Mianzi ikapata joto. Pwaa! Pwaa! Pwaaa!

Kulipokucha, wajumbe wa pande zote mbili walikuwa mlangoni mwake, mmoja kwa mlango wa mbele, mwingine wa nyuma, hawaonani.

"Kile ni nini?"

"Gobori la wenzenu," aliwajibu wote wawili. "Bomba la chuma. Unatia unga mweusi, unatia risasi, unatia moto. Hatua elfu moja. Ukuta wenu linautoboa kama ganda la yai."

Majeshi yakahama tena, yakaenda kujificha nyuma ya vilima. Bonde lote sasa lilikuwa la Mama Kijiwe. Mto pia, juu na chini, maana hakuna aliyethubutu kuukaribia. Vita vya kugombea maji ya juu vikawa vinapiganwa na watu wanaokunywa maji ya kisima, tena ya chumvi.

Mambo yangekaa hivyo, lakini tatizo la silaha ya uongo ni hili: yupo atakayekwenda kuitengeneza kweli.

Asubuhi moja Mama Kijiwe alisikia gogo-gogo-gogo nyuma ya kilima cha mashariki. Akapanda kuchungulia. Tembo wote walikuwa wamezunguka gogo la mvule lililolala chini. Walikuwa wamelitoboa katikati, wamelifunga pete za chuma, na ndani yake angeweza kulala Baba Kijiwe na ukoo wake wote. Karibu yake palikuwa na rundo la mawe, na unga mweusi, wa kweli.

"Ni nini hiki, Jemadari?" aliuliza.

"Mzinga," alisema Tembo kwa fahari. "Wao wana gobori, sisi tuna baba yake. Kesho tunapiga bonde lote, kuanzia mtoni. Tutapiga mpaka hata jani lisibaki."

"Bonde lote?"

"Lote. Wewe una mtu huko?"

Mama Kijiwe alikuwa na watoto watano huko, mume mmoja, na mahindi yaliyokuwa tayari kuvunjwa. Akatafuta uongo wa haraka, na wa haraka ndio huo uliokuja.

"Mmechelewa!" akasema. "Nyati wana mzinga unaopiga juu. Jiwe linapita mawinguni, linashuka popote mlipo. Nyuma ya kilima, nyuma ya kilima cha pili, hata mkihamia nchi nyingine. Hakuna umbali unaotosha. Mkipiga moja, wao watapiga kumi. Acheni kabisa!"

Alidhani Tembo watatupa mzinga wao na kukimbilia mbali, wasirudi tena. Jemadari akafikiri, masikio yamesimama, upepo ukamkosesha Pimbi kusimama vizuri.

"Unafika mbali kote?"

"Kote."

"Na karibu?"

"Karibu wapi?"

"Karibu na wao wenyewe. Unaweza kumpiga mtu aliyesimama ubavuni mwao?"

"Wajipige wenyewe? Hapana, Jemadari. Ni wa mbali tu."

"Ahaa," alisema Tembo.

Mama Kijiwe hakuipenda ile ahaa. Lakini alikuwa na haraka. Mchana ule ule akavuka bonde, akawaambia Nyati vile vile, na Jemadari wao akauliza vile vile, akasema ahaa yake.

Kesho yake asubuhi ardhi ilitetemeka. Mama Kijiwe akatoka juu ya mwamba. Upande wa mashariki, vumbi. Upande wa magharibi, vumbi.

"Wanakimbia!" alisema kwa furaha. "Baba Kijiwe, wanahama!"

Baba Kijiwe akatazama kwanza mashariki, kisha magharibi. "Wanahamia hapa," akasema.

Walikuja kwa kishindo, gidi-gidi-gidi, Tembo wote na Nyati wote, wake, watoto na vizee, kila mmoja akikimbilia mahali pekee palipobaki salama duniani, yaani ubavuni mwa adui yake. Walikutana katikati ya mahindi. Walikumbatiana kwa nguvu zote.

"Usisogee!" alipiga kelele Jemadari Nyati. "Ukisogea nitapigwa!"

"Mimi nisogee niende wapi? Nishike vizuri!"

Wakabaki wameshikana, wakihema. Hakuna jiwe lililoshuka. Baada ya muda, kwa kuwa walikuwa uso kwa uso na kukaa kimya lilikuwa jambo la aibu, Tembo akasema:

"Habari za nyumbani?"

"Njema. Yule binti amekwisha kuota pembe."

"Mungu amkuze." Akatazama juu. "Na ule mzinga wenu wa mawinguni, mmeuweka wapi?"

"Wetu? Si wenu?"

Mtoto wa Tembo alikuwa akimhesabu Nyati pembe. Alihesabu mara tatu, akipata mbili kila mara. "Mama," akaita, "hiki ni kidogo?"

Majemadari wote wawili walikuwa wamegeuka polepole, wakitazama mwambani. Mama Kijiwe akaona ni wakati mzuri wa kukagua nyuma ya jiwe.

Hawakumfuata. Ilikuwa imekaribia saa sita, walikuwa na njaa, na walikuwa wamesimama katikati ya chakula. Bibi Nyati akatua sufuria yake kubwa, akachuma kunde, akakata maboga, akavunja mahindi, akang'oa mikuki yote akawashia moto. Wakaketi pamoja, wakala, wakaongeza, wakakwangua chini. Juu ya mwamba, Baba Kijiwe alikuwa ameanza kukunja mkeka kwa safari ya kwa mama yake.

Funzo nalitia hapa, kabla ya neno la mwisho, kwa kuwa baada yake hakuna la kuongeza: anayewafundisha wakubwa kuogopana kwa mbali, siku wakikaribiana watakula kwake.

Mama Kijiwe hakuweza kuvumilia. Akateremka mbio, akasimama mbele ya sufuria, manyoya yamemsimama.

"Kunde zangu! Maboga yangu! Jasho langu la miaka mitatu! Watu wazima ninyi, hakuna hata mmoja mwenye neno la kuniambia?"

Bibi Nyati akatafuna, akameza, akamtazama kutoka juu mpaka chini. Kati yao hapakuwa tena na umbali.

"Hazina chumvi," akasema. "Lete."