Kompyuta ya Somoe na Jina la Ngoye

Ndugu yangu, hii isome mpaka chini kabisa ndipo umtumie mwenzako, maana utamu wake uko mkiani.

Palikuwa na mwanamke mmoja aitwaye Somoe, mpiga taipu wa kiwanda cha korosho. Kiwanda kilipofungwa, naye akamwaga unga pamoja na wenzake. Wengine walirudi shamba. Somoe alikuwa na ujuzi mmoja tu duniani, nao ulikuwa kwenye vidole. Akasema moyoni, nitafungua banda langu la kuchapa barua. Lakini kompyuta za dukani alizitazama kwa macho tu. Basi akaamua kuiunda ya kwake, kipande kwa kipande.

Kiinua mgongo chake chote kikaishia kwenye mazabodi mpya, lile bamba la ndani ambalo kila kitu huchomekwa. Vilivyobaki akaviomba kwa watu, tena bila haya. Sista Adelina wa zahanati alimpa kioo cha kompyuta cha zamani kilichokuwa kinakula vumbi stoo. Likopa, fundi simu, alimpa memori aliyoichomoa kwenye mashine iliyokufa. Chitanda, muuza nyama, alikuwa na kompyuta mbovu aliyoachiwa na mwanawe uvunguni mwa kitanda, akatoa pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme. Ustadhi wa madrasa akatoa diski na kibodi.

Likabaki kasha. Somoe akaenda kwa Ngoye, mwenye steshenari kubwa pale sokoni, akamwomba kasha tupu lililokuwa limetupwa nyuma ya duka. Ngoye alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia achukue bati hilo akafugie vifaranga. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu: NGOYE.

Likopa akamsaidia kuunganisha. Mara iwake, mara izime, mara feni ipige kelele hadi majirani waulize kulikoni. Mwishowe ikawaka na haikuzima tena.

Banda likafunguliwa, printa akawa anaikodi. Na huyo Somoe, jamani, alikuwa na mkono mwepesi na lugha tamu. Mtu akimletea barua ya posa iliyokaa kama maelezo ya polisi, yeye anainyoosha mpaka binti anakubali kabla hajafika aya ya pili. Wateja wakahamia kwake mmoja mmoja. Steshenari ya Ngoye ikabaki na nzi.

Roho ikamuuma Ngoye. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Mkanjima, akadai kwamba alimwazima Somoe kompyuta na sasa anaitaka. Somoe akaitwa. Mashine ikabebwa mpaka ofisini, watu wakajaa hadi madirishani.

Ngoye hakusema mengi. Alinyoosha kidole kwenye zile herufi nyekundu, akakaa. Somoe akaeleza kila kipande kilikotoka, hakuruka hata kimoja, kwa sababu mashine ile ikiondoka hana tena pa kuanzia. Waliotoa vipande wakasema ni kweli, walimpa. Ngoye akatabasamu.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "mtu akiezeka nyumba yangu kwa bati jipya, nyumba inakuwa yake?"

Watu wakaguna. Bi Mkanjima akakuna kichwa. Ilikuwa hoja, tena hoja ya mtu aliyelala nayo na kuamka nayo. Ngoye kuona amepata upenyo, akajitia ukarimu.

"Mimi sitaki cha mtu. Kila mwenye chake achukue chake, mimi nibaki na changu."

Chitanda alikuwa amesimama nyuma na aproni yake ya buchani. Akasogea mbele, akasema kwamba kama ni hivyo, anaitaka pawasaplai yake.

Somoe alidhani hakusikia vizuri. Likopa naye akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kasha, akaichomoa pawasaplai na kumpa Chitanda. Kisha akachomoa memori yake, akaitia mfukoni. Sista Adelina akakumbatia kioo chake. Ustadhi akachukua diski na kibodi bila kumtazama mtu usoni. Somoe akaona anaporwa mchana kweupe na watu aliowaita ndugu. Machozi yakamtoka mbele ya kadamnasi, wala hakuyafuta.

Likopa akamalizia na mazabodi. Akamwekea Somoe mikononi.

"Hii yako, Da Somoe. Usiondoke."

Ndani ya kasha pakabaki hewa. Bi Mkanjima akainama, akachungulia, akainuka taratibu.

"Bwana Ngoye, wenzako wamechukua vyao. Hicho ndicho chako. Beba."

Ngoye akainama kulishika kasha. Angebisha nini, na kauli ni ya kwake mwenyewe? Akalipakata bati lake, jina limeelekea mbele, akapita katikati ya watu waliompisha kwa heshima zote. Kicheko kilimsindikiza hadi sokoni.

Hakuwa amefika hata kwenye kona, Chitanda akaiweka pawasaplai mezani mbele ya Somoe.

"Mara ya kwanza nilikupa tukiwa wawili," akasema. "Leo nakupa mbele ya serikali. Atakayeuliza tena, aje aniulize mimi."

Kikafuata kioo. Ikafuata memori, kisha diski na kibodi. Likopa akaunganisha vyote palepale juu ya meza ya ofisi, bila kasha, waya nje nje kama utumbo wa kuku, akagusisha ncha ya bisibisi pale pa kuwashia. Feni ikazunguka, kioo kikawaka. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka zahanati.

Somoe alicheka huku analia. Akavuta kiti, akapangusa mikono kwenye khanga, akauliza mteja wa kwanza ni nani.

"Ni mimi," akasema Bi Mkanjima. "Nichapie hukumu ya leo."

Funzo: Jina lililoandikwa juu ya kitu halimfanyi mtu kuwa mwenye kitu, na mali ya mnyonge iliyochangiwa na wengi ina walinzi wengi kuliko dhalimu anavyodhani.