Udongo Mweupe wa Kiduchu

Hadithi hii nilisimuliwa kwanza na bibi yangu Nakijwa, mama yake baba, tukichambua mchicha mlangoni kwake. Aliniambia nisiitie chumvi. Basi sogeeni, wanangu, niwape kama alivyonipa.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kuozesha watoto wao kama sisi, Pimbi walikaa juu majabalini, na wanyama wakubwa walikaa bondeni penye mto. Mto ulikuwa wa Mungu, lakini Bi. Kiboko aliulinda kama sufuria yake ya jikoni. Pimbi akishuka kuchota, alifukuzwa. Ilisemwa kwamba Pimbi ni wachafu, wanaoga vumbi, wakiyagusa maji yatanuka. Ni kweli walioga vumbi. Maji wangeyapata wapi?

Mwaka mmoja jua likawa kali mno, na kijichemchemi cha majabalini kikakauka. Huko aliishi mama mmoja mdogo wa umbo, mwepesi wa akili, jina lake Kiduchu. Alikuwa na watoto wawili wa kike. Yule mkubwa akafa kwa kiu. Mdogo, Tindi, aliyekuwa hajaanza hata kusema, akabaki amelala kivulini, midomo imepasuka.

Pimbi walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, kitu cha kwanza alichoonyeshwa kwa mbali ni mto. Kwa hiyo mama aliyefiwa alijipaka udongo mweupe kuzunguka macho, akaketi chini kuupa mto mgongo, maana hana tena wa kumwonyesha. Hakusema wala hakugeuka mpaka jua lizame. Na ule udongo haukufutwa. Uliachwa mpaka uanguke wenyewe.

Kiduchu alifanya hivyo. Siku iliyofuata, udongo ukiwa bado machoni, wakapita Bi. Kiboko, Bi. Nyati na Bi. Tembo, wakitoka kualika watu harusini.

"Hebu mtazameni huyu," alisema Bi. Nyati. "Kumbe na wachafu wanajua kujiremba."

Bi. Kiboko alisogea karibu, akainama. Alisema binti yake anaolewa, na hajapata kuona pambo zuri namna hiyo. Akataka afundishwe. Hakuna aliyeuliza kwa nini macho yaliyo ndani ya ule udongo yamevimba.

Kiduchu alimtazama Tindi pale kivulini. Akameza mate, na mate yenyewe hayakuwapo.

"Bibi zangu," alisema, "hili ni pambo la heshima kubwa. Lakini lina masharti, na wengi huwashinda."

"Wengi gani? Yanishinde mimi?" alisema Bi. Kiboko.

"Mvaaji huketi kuupa mto mgongo, kimya, mpaka jua lizame. Akigeuka au akisema neno, kila mtu atajua kwamba hajazoea kuvaa vitu vizuri."

Bi. Tembo alikuwa na wasiwasi kidogo. Aliuliza Pimbi wenyewe watakaa wapi siku hiyo.

"Sisi wachafu, bibi yangu? Tutakaa nyuma yenu kabisa, tusiwaharibie shughuli."

Wakacheka, wakamsifu kwa kujijua.

Siku ya harusi ikafika. Wakubwa wote, bibi harusi na bwana harusi, mashangazi na wajomba, walijipaka udongo mweupe, wakapanga safu ndefu, wakaupa mto mgongo. Kimya. Ndipo Pimbi wakateremka na vibuyu vyao, na watoto wao migongoni.

Chubwi!

Sikio la Bi. Nyati likacheza. Hakugeuka.

Gudu, gudu, gudu, vibuyu vikajaa. Wazee wakanywa wakapumzika, wakanywa tena. Watoto waliokuwa hawajapata kuoga tangu kuzaliwa wakarukaruka majini. Mkonga wa Bi. Tembo ulianza kujikunja taratibu kwenda nyuma kuchungulia, lakini Bi. Kiboko akamkazia jicho la kumwonya, mkonga ukarudi mbele. Bi. Kiboko mwenyewe alirushiwa maji mgongoni na kitoto cha Pimbi. Alitulia kama jiwe. Afadhali kulowa kuliko kuonekana mshamba.

Tindi alinywa mpaka tumbo likawa kama ngoma, akacheka. Kiduchu naye alicheka. Kisha akaichungulia ile safu kwa pembeni, toka mwisho mpaka mwisho, mashavu yaliyonenepa, udongo mweupe kwenye macho yote, na hata mmoja hakuwa amefiwa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Jua lilipozama, wakubwa waliinuka na vigelegele. Walisema haijapata kuonekana harusi kama ile.

Tangu hapo hapakuwa na harusi bondeni bila udongo mweupe. Wakauita pambo la Kiboko. Wakamweka Nyati mmoja alilinde shimo la udongo, wachafu wasije wakalichezea.

Mvua ikanyesha, Tindi akakua. Kisha jua likarudi. Jirani wa Kiduchu, mama aitwaye Sembua, akafiwa na mwanawe wa pekee. Alikuwa na bonge la udongo alilolificha siku nyingi. Akajipaka, akaketi kuupa mto mgongo.

Bi. Nyati akapita na wenzake. Alipomwona tu akapiga kigelegele, akauliza bibi harusi yuko wapi. Sembua hakujibu. Machozi yakamtoka, udongo ukachuruzika.

"Hata kuvaa hajui," alisema Bi. Nyati. "Na nani amekuruhusu? Hilo ni pambo letu."

Akamfuta uso kwa mkia wake, upande huu na upande huu, kama mtu anayefuta meza. Wenzake wakacheka.

Tindi alikuwa amesimama kando na mama yake. Tindi naye alikuwa akicheka.

"Mama," aliuliza, "nani anaolewa?"

Kiduchu akamshika mkono, akamwondoa pale. Maji aliyapata kwa akili yake, na mtoto huyu alikuwa hai kwa ajili ya maji yale. Lakini mtoto mwenyewe hakujua kwamba aliwahi kuwa na dada.

Bibi Nakijwa alisema mafunzo ya hadithi ni haya: anayechukua pambo lako bila kuuliza maana yake hajakupenda wewe, amependa pambo.

Kesho yake asubuhi, Kiduchu alimwita Tindi jikoni, akamweleza yote, tangu kiu mpaka harusi. Akachukua masizi chini ya chungu, akamchora duara dogo katikati ya kiganja.

"Hii ni ya dada yako," alisema. "Itaanguka yenyewe."

Tindi aliutazama mkono wake. "Wakiniuliza ni nini?"

"Waambie ni uchafu," alisema Kiduchu. "Wataamini."