Kofia ya Bi Shuwea na Uji Usiopimwa

Hapo zamani, na msiniulize mwaka kwa kuwa sikuwapo, palikuwa na mji ukiitwa Mtondoni, na mji huo ulikuwa na sheria yake. Kila dawa iliyofika langoni ilionjwa na mkaguzi siku arobaini. Mkaguzi akibaki mzima, dawa inaingia. Chakula hakikuonjwa na mtu. Chakula kiliingia na baraka zake.

Siku moja akafika Mwinyikombo, mtu wa bara, na magunia ya unga wa mizizi. Alisema unga ule humrudishia mzee ujana. Mwenyewe alikuwa na miaka sabini na meno yote kinywani.

Mkaguzi, jina lake Makungu, akamuuliza, "Hii ni dawa?"

"Dawa wapi, ndugu yangu? Ni chakula. Unakoroga uji, unakunywa. Kijiko kimoja asubuhi, basi."

Makungu akaunusa. Moyo wake ulimwambia ni dawa. Lakini sheria ilifuata neno, haikufuata pua, na neno lilikuwa chakula. Akafungua lango.

Ndani ya mji aliishi Bi Shuwea, mshona kofia. Hakuna aliyemfikia kwa viua, vile vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka kofia inapumua. Ila macho yalikuwa yamefifia, mgongo umepinda, na miaka mitatu kofia yake ya mwisho ilikuwa imelala nusu. Alikuwa na ombi moja tu duniani: asife kabla hajaimaliza.

Mjukuu wake, Mwanahija, aliolewa mtaa wa pili, na chakula cha bibi alikipeleka kwa mkono wa jirani. Aliposikia habari za unga akasema, huu nitaukoroga mwenyewe. Basi kila asubuhi akaja, akakoroga, akakaa, wakazungumza mpaka bakuli likakauka.

Mwanahija akakoroga, Bi Shuwea akanywa. Siku ya kumi akasimama bila fimbo.

Mwanahija akakoroga, Bi Shuwea akanywa. Siku ya ishirini nywele zikaanza kuota nyeusi.

Mwanahija akakoroga, Bi Shuwea akanywa. Siku ya thelathini akachukua sindano, akatunga uzi peke yake, mara moja, bila kulamba. Watu walijaa uani wakamtazama. Hata mimi ninayesimulia, mwili unanisisimka.

Siku ya arobaini macho ya Bi Shuwea yakawa manjano kama binzari.

Makungu alikuja mbio. "Mwanangu, unampa vijiko vingapi?"

"Vijiko?" Mwanahija akashangaa. "Si mlisema ni chakula? Nani anampimia bibi yake chakula? Namtilia upawa, akimaliza namwongezea."

Unga ukamwagwa, lakini ulikuwa umekwisha kuingia mwilini. Siku tano Bi Shuwea alilala kitandani akishona. Alikata uzi wa mwisho, akaiweka kofia kifuani, akasema, "Avishwe aliyenipa siku hizi." Hakusema tena.

Baada ya matanga, watu watatu wakasimama mbele ya jumbe, mkuu wa mji.

Mwinyikombo akasema, "Kofia ni yangu. Unga ni wangu. Bila unga sindano isingeinuka."

Makungu akasema, "Nyumba ishirini zilikula unga wako. Nywele nyeusi za wengine ziko wapi?"

"Wengine walikula kijiko," akajibu Mwinyikombo, kisha akatamani kulimeza neno lake.

"Basi kofia ni yangu," akasema Makungu. "Ningeliita jambo kwa jina lake, unga ungekaa langoni siku arobaini, na bibi angekufa akiwa na kofia nusu. Mimi ndiye niliyefungua."

Mwanahija alikuwa akilia. "Mimi mwanamke sivai kofia, nitaiweka sandukuni. Lakini mkono uliokoroga ni wangu. Na labda haukuwa unga. Miaka mitatu hakuna aliyekaa naye asubuhi. Mimi nilikaa."

Jumbe akaigeuza kofia mikononi, akaiinua kwenye mwanga. Mwanga ukapita katika kila kitobo, na hakukuwa na kimoja kilichopotoka. Baraza zima likashusha pumzi.

"Nimewasikia," akasema. "Kila mmoja amehesabu siku arobaini. Lakini bibi alisema 'siku hizi' akiwa kitandani, macho yake manjano. Siku zilikuwa arobaini na tano. Atakayeichukua kofia anachukua na zile tano za kifo."

Mwinyikombo akatazama magunia yake. Makungu akatazama lango. Mwanahija alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, ukabaki hewani.

Jumbe bado ameishika kofia, nami nimechoka kumshikia maneno. Mmoja aliuita unga chakula, mmoja akalikubali neno, mmoja akaliamini. Semeni nyinyi mlioshiba: je, nani alistahili kuvishwa?